Uzi maalumu: mashine za umeme za useremala ulizonunua ukajuta

Randa Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu nyuzi za "nishaurini mashine gani ninunue" hazihesabiki, na majibu yake hayana msaada kwa sababu kila mtu anasifia ile aliyokwisha kuitolea hela. Leo tugeuze. Taja mashine ya useremala uliyonunua ikakuliza, na useme ilikuliza wapi: mbao gani, kazi gani, ilifanya nini. Usiandike "mbovu hiyo" ukapotea. Majina ya maduka na kampuni zilizowaliza tuyaache, mods wasije wakautia uzi kufuli.

Naanza. Randa ya umeme ya mkono, milimita 82, zile za bei ya chini. Dukani Kariakoo muuzaji aliiwasha hewani, ikanguruma vizuri, nikalipa laki na thelathini. Kufika karakana nikaiweka kwenye mwimo wa mlango wa mninga. Katikati ya ubao haina tatizo. Ikifika mwisho inachimba. Inchi mbili za mwisho unaona bonde, ukipitisha kidole kinazama. Nikapunguza kina, bado. Nikanunua visu vipya, bado. Ikabidi miimo ya mteja niikate mirefu kuliko inavyotakiwa, niirande, halafu nikate kile kipande kilichochimbwa. Yaani mninga kwa bei ya sasa unatupa kipande kwenye kila ubao ili kuiridhisha mashine.

Haya, nani mwingine kalizwa?

Kitasa

Naweka kambi hapa. Nataka kununua msumeno wa meza mwezi ujao, kwa hiyo semeni ukweli wote.

MningaMkavu

Mimi ni drili ya betri. Boksi limeandikwa 128V kwa maandishi makubwa, betri mbili, biti kibao, kisanduku kizuri cha plastiki. Nikawaza hii si itatoboa mpaka zege. Nimeipeleka kufunga bawaba kwenye kabati la mkongo: skrubu ya inchi mbili inaingia nusu, mashine inakoroma, inazima. Ikawa natoboa kwanza kwa drili ya waya ndiyo naileta yenyewe imalizie, na bado inazima. Betri ya kwanza ilikufa mapema, ya pili haikumaliza masika. Nimerudi dukani kuulizia betri, naambiwa haziuzwi peke yake, chukua seti nzima.

Fundi Kaboni

Mkuu MningaMkavu, hiyo 128 haipo. Kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine na betri za aina hiyo nimezifungua sana. Ndani kuna seli tano za lithiamu zilizofuatana. Seli moja ni volti 3.6, ikijaa kabisa 4.2. Zidisha kwa tano: 18, na ikijaa 21. Basi, hakuna kingine. Ndiyo maana kampuni moja inaandika 18V na nyingine inaandika 20V Max na ni kitu kilekile, mmoja anasoma betri ikiwa kazini, mwenzake anaisoma ikitoka kwenye chaji. Hizo 48, 88, 128 na kuendelea ni za kupendezesha boksi. Geuza chaja yako usome nyuma, nina uhakika utakuta 21V.

Na ampea-saa nazo zina uongo wake. Ukiona 6Ah, inyanyue kwanza. Seli nyembamba za kawaida, zile za 18650, hata zilizo bora zinaishia kwenye tatu na nusu hivi. Kwa hiyo seli tano za namna hiyo haziwezi kukupa sita, lazima ziwe kumi, na seli kumi zina uzito mkononi. Zipo seli nene, za 21700, hizo tano zinaweza kufika nne au tano, ila huwezi kuzikuta kwenye seti ya bei hiyo. Nimeshafungua kasha lenye nafasi za seli kumi, zimo tano, kwingine kote ni hewa.

Mwanzisha uzi, ya randa yako nitairudia, kuna mteja dirishani.

Chuma Ulete

Kumbe na hewa inauzwa kwa seti 😂😂

Mama Kabati

Naomba niweke ya kwangu. Msumeno wa kona, ule wa bledi ya inchi kumi unaoshuka kutoka juu, wenye mwanga mwekundu wa leza. Hiyo leza ndiyo iliyonishawishi. Natengeneza makabati ya jikoni hapa Mwanza, fremu za milango ni nyuzi 45 kutwa nzima. Kona ya kwanza ilikaa. Ya nne ikaacha uwazi unaopitisha laini ya simu. Kumbe kichwa cha mashine kinacheza. Ukikishika ukakitikisa kushoto na kulia unausikia kabisa mlio wa chuma kugonga chuma. Sahani ya chini nayo imepinda. Leza inaonyesha mstari pembeni ya pale bledi inapokata, na skrubu ya kuirekebisha inazunguka bila kusogeza chochote.

Kipimo chake ni rahisi na kinafanyika palepale dukani, nenda na kipande cha ubao ulionyooka. Weka mashine kwenye 90, kata. Kipande kimoja kigeuze juu chini, kisha uvikutanishe tena vyote viwili ukiviegemeza kwenye rula. Wakikuambia mashine ni 90 na unaona mwanga katikati, huo mwanga ni kosa la mashine mara mbili yake. Akikataa kukukatia, hamisha miguu.

Nyingine fupi: mashine ya msasa ya duara. Kamfuko ka vumbi kamewekwa kwa ajili ya picha. Ukipiga msasa MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, vumbi linatoka pande zote. Na msiseme ni vumbi tu, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995. Vaeni barakoa za kweli, leso haizuii kitu.

Bawaba

Ruta, ile mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao. Hii nadhani imewaliza wengi ila hawajui kama wamelizwa.

Mashine yangu ilikuja na koleti (kile kinachobana biti) ya robo inchi. Biti nilizozikuta dukani ni za milimita 6. Ukizishika mkononi hutaona tofauti, lakini robo inchi ni milimita 6.35. Unaingiza, unakaza mpaka mkono unauma, unaona imeshika. Unaanza kuchimba mfereji wa kuingizia ubao wa mgongo wa kabati, mwanzo ni milimita sita, ukifika mwisho ni kumi. Biti ilikuwa inashuka yenyewe polepole huku inazunguka. Ingeweza kuchomoka kabisa ikanitafuta mimi. Kwenye nusu inchi ni hivyohivyo, kuna 12.7 na kuna 12. Duka halikuniambia, na kwenye kijitabu kuna maelezo ya Kichina na picha ya mzungu anatabasamu.

Mzee wa Tezo

Vijana mnalia na mashine. Randa ya umeme ya mkono haikuwahi kuwa ya kunyoosha ubao. Makita walianza kuiuza kule Japani mwaka 1958 na mpaka leo haijawa mbadala wa randa ndefu ya mkono. Yenyewe inapunguza, basi. Kitako chake ni kifupi, ubao ukiwa umepinda nayo inafuata kupinda kulekule. Ukitaka ubao ulionyooka, punguza kwa umeme, maliza kwa mkono.

Randa Mbili

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenena, ila milango ya apatimenti nzima nimalizie kwa mkono saa ngapi? Mteja anapiga simu asubuhi na jioni.

Mzee wa Tezo

Marahaba. Mteja wako anapiga simu kwa sababu ulimwambia Ijumaa. Hilo halihusiani na randa.

Chuma Ulete

Mzee kamaliza 😂

Fundi Kaboni

Nimerudi. Randa Mbili, tatizo la kuchimba mwisho lina jina lake hata kwenye vijitabu vya mashine. Randa ina vitako viwili. Cha mbele kinapanda na kushuka, ndicho unachorekebisha kwa kile kirungu. Cha nyuma kimetulia, na ncha za visu zinatakiwa ziwe sawasawa nacho. Visu vikitokeza zaidi ya kitako cha nyuma, mashine inachimba mwisho wa ubao. Vikiwa chini yake, inachimba mwanzo. Kisu kimoja kikikaa upande, unapata mistari.

Fanya hivi. Chomoa waya ukutani kwanza. Geuza randa, weka rula iliyonyooka juu ya kitako cha nyuma itokeze mpaka kwenye visu, zungusha roli inayobeba visu kwa mkono taratibu. Kisu kinatakiwa kiiguse rula kwa kuikwangua kidogo bila kuiburuta. Kwenye mashine nzuri kuna skrubu ndogo za kupandisha na kushusha kisu. Kwenye hizi za bei ya chini nyingi skrubu hizo hazipo, au zipo na tundu limekwisha, au kitako chenyewe kimetoka kiwandani hakiko sambamba na roli. Ikiwa hivyo hakuna fundi wa kukusaidia. Iuze kwa mtu wa mabenchi.

Randa Mbili

Asante sana mkuu. Nimepima sasa hivi. Upande wa kulia inaburuta rula, upande wa kushoto haigusi kabisa. Skrubu za kurekebishia hazipo, pametobolewa tundu tu.

PwaniJoinari

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nitasema jigso, ule msumeno wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Niliichukua nikate nakshi za vichwa vya vitanda. Kwenye plaiwudi haina neno. Nikaiweka kwenye mvule wa inchi mbili: ukitazama juu mstari umefuatwa, geuza ubao, mkato wa chini umekimbia karibu robo inchi. Bledi inapinda humo ndani. Sababu ni kile kigurudumu kidogo kinachoegemeza bledi kwa nyuma, chalegea. Na kitako ni bati lililokunjwa, kikianguka sakafuni mara moja hakirudi tena.

Lakini mbao nayo tuiambie ukweli. Mvule una mawe. Si msemo, ni mawe kwelikweli, madini ya chokaa yanajijenga ndani ya mti. Wakata vizuri, ghafla cheche. Hapo meno yamekwenda na hata mashine ya bei ghali haitakuokoa. Mtiki nao una chembechembe za silika, ndiyo maana bledi isiyo na meno ya kabaidi haidumu.

MningaMkavu

Hilo la mtiki kweli. Mtiki wa Longuza ule unakula visu vya randa kuliko mninga, watu wanasingizia mashine.

dogo_chuo

Shikamooni wakubwa. Niko VETA, chuo cha ufundi stadi, nasoma useremala. Nimeona mafundi wengi mtaani wanafunga bledi ya mbao ya inchi nne kwenye grenda ndogo na wanapasua mbao fresh tu. Bei yake ni ndogo kuliko msumeno wa umeme. Nianze na hiyo?

Mama Kabati

Marahaba mwanangu. Usianze na hiyo. Usimalize na hiyo pia.

Fundi Kaboni

Dogo, sikia. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa mviringo wa inchi saba na robo ni kama 5,000 na kidogo, una kitako kinacholala juu ya mbao na kifuniko kinachojirudisha chenyewe ukiinua. Grenda haina vyote viwili, na ili bledi ienee wengi wanang'oa hata kile kikinga chake. Meno yakibanwa na mbao, mashine inaruka upande wako, na zile zenye swichi ya kusukuma hazizimi ukiiachia. Inaendelea kuzunguka sakafuni inakutafuta.

Wapo wanaotumia mashine ya kukatia marumaru. Hiyo angalau ina kitako. Lakini nayo ina kasi kubwa kuliko msumeno, kwa hiyo bledi ya mbao unayoifunga isome: imeandikwa kasi ya juu inayoiruhusu. Kama haijaandikwa, usiifunge.

Bawaba

Jirani yangu wa karakana hapa Keko anashika penseli kwa vidole vitatu. Vingine viwili alivikata kwa grenda yenye bledi ya mbao. Na ni fundi mzuri, hakuwa mgeni wa kazi.

Tegeta Mtumba

Yangu ni tofauti kidogo maana mashine haikuwa na kosa. Msumeno wa mviringo, chapa ya Kijapani, orijino, ulikuja kwenye kontena la mtumba. Mwepesi, unakata paini ya Sao Hill hata ikiwa mbichi. Nyuma umeandikwa 100V, 50/60Hz. Nikanunua na transfoma yake. Siku moja kijana wangu akaona transfoma iko mbali, akatafuta adapta ya zile pini bapa, akachomeka ukutani moja kwa moja. Ulilia mlio sijawahi kuusikia, kasi kama ya ndege, halafu moshi. Fundi wa kurewaindi alitaka hela inayokaribia bei niliyonunulia.

Sasa nauliza, hizi za 100 na 110 zinafaa kununuliwa kweli au ni kujitafutia?

Fundi Kaboni

Zinafaa, kwa masharti.

Transfoma iwe kubwa kuliko mashine. Mashine ya wati 1,000 ipe transfoma ya kVA moja na nusu mpaka mbili, kwa sababu ikianza kuzunguka inavuta kwa nguvu kuliko kilichoandikwa. Plagi ya mashine ikate, funga ya aina ambayo haiwezi kuingia soketi ya ukutani kwa adapta yoyote. Vijana wa karakana hawasomi kibandiko.

Kisha tazama ina mota gani. Zenye kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), yaani drili, grenda, randa, ruta, msumeno wa umeme wa kushika mkononi, hazijali sana herzi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Zenye mota ya induksheni, zile nzito zisizo na kaboni kama mashine nyingi kubwa za kuranda unene, hizo zinajali. Za Japani huwa zimeandikwa 50/60 maana nchi yao yenyewe imegawanyika, mashariki 50, magharibi 60. Za Marekani ni 60 peke yake. Transfoma inashusha volti, herzi haiigusi. Mota ya 60 ukiipa 50 yetu inazunguka pungufu kwa karibu moja ya sita na inapata joto zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo linanikera. Nusu ya mashine zinazoletwa hapa zimeuliwa na ekstensheni. Mtu anavuta waya mwembamba wa milimita mraba moja, mita 50, anachomeka msumeno wa wati 1,800. Hapo unavuta kama ampea nane. Waya huo peke yake unakula volti 14. Ukiwa wa milimita mbili na nusu unakula kama tano na nusu. Jioni umeme wenyewe umeshuka, ukitoa na hizo 14 mashine inachoka, wewe unaisukuma zaidi, inapunguza mwendo, feni ya ndani haipulizi, amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, inaiva. Unakuja kuniambia mashine feki. Waya wenyewe ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, hesabu yangu hapo juu ni ya shaba, hiyo ni mbaya zaidi. Na ukiuacha umeviringwa kwenye roli huku unatumika, unapata joto mpaka ganda linayeyuka.

Randa Mbili

Mkuu hapo nakubali nusu. Mashine nyingine zimezaliwa zimekufa. Msitake kutuambia kila kosa ni la fundi na waya wake. Grenda imeandikwa wati 3,500, unainyanyua kwa vidole viwili. Hiyo ni waya?

Fundi Kaboni

Hiyo ni uongo, na unaupima bila kifaa. Plagi yetu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230 unapata 2,990. Mashine ya wati 3,500 kweli ingevuta kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye fyuzi na plagi hiyo. Mashine ya nguvu ina shaba na chuma ndani, lazima iwe nzito.

Lakini mkuu, ninachokiona dirishani hapa ni hiki: mashine mbovu yenye spea inaishi kuliko mashine nzuri isiyo na spea. Mwili mmoja wa mashine unatoka kiwandani unabandikwa majina kumi tofauti, mwaka huu jina hili, mwakani jina lile, na amecha zinabadilika idadi ya meno bila mtu kuambiwa. Unaniletea, natafuta maduka yote ya Gerezani, Dar, meno saba zipo, yako ni nane. Imeisha hiyo, kwa kitu cha elfu ishirini. Wakati ile grenda ya zamani ya chapa inayojulikana, hata iwe ni ya kuigiza, wameiiga mpaka vipimo vya ndani, kwa hiyo amecha, kaboni, beringi na swichi unazikuta mpaka kwa wapanga vitu chini.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hujauliza bei uliza kaboni za akiba na amecha. Usiulize kama "zipo". Mwambie akutolee uzione.

Mama Kabati

Hili la spea liwekwe juu kabisa ya uzi. Msumeno wangu wa kona ulikufa kwa mkanda. Mkanda wa mpira! Haufanani na mkanda wowote Mwanza nzima.

MningaMkavu

Naongeza kwa wanaonunua mtumba wa Ulaya: Bosch wenyewe wanagawa kwa rangi. Bluu ni za mafundi, kijani ni za mtu wa nyumbani anayetundika rafu Jumamosi. Ya kijani siyo feki, ila ukiifanyisha kazi ya karakana kutwa umeionea.

Mzee wa Tezo

Na meno ya bledi mnayajua? Naona vijana wanapasua paini kwa urefu kwa bledi ya meno 60 kwa sababu imeandikwa "inakata laini". Kupasua kwa urefu ni meno 24 hivi, maranda yapate pa kutokea. Meno mengi ni ya kukata kukingama. Bledi inaungua, mbao inakuwa nyeusi, mota inanuka, mnakuja kufungua uzi.

Kitasa

Wakuu nimewasoma wote, nimepata woga. Sasa msumeno wa meza, ule wa kubeba, meza ya aluminiamu, bledi ya inchi kumi. Karibu milioni moja na laki mbili. Nichukue?

Bawaba

Nilikuwa nao. Shida yake ni fensi, ile reli unayoegemeza mbao. Ukiifunga, mbele inashika, nyuma inahama. Ikihamia upande wa bledi, mbao inabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma, na meno ya nyuma yanapanda juu, kwa hiyo yanaibeba na kuirusha kwako. Mimi ilinipiga tumboni kipande cha mkongo, nilikaa chini nikatafuta pumzi.

Ukienda kuutazama: chagua jino moja, liweke alama. Pima kutoka kwenye fensi mpaka kwenye jino hilo likiwa mbele. Zungusha bledi kwa mkono jino hilohilo lije nyuma, pima tena. Vipimo viwe sawa. Rudia baada ya kuifungua fensi na kuifunga upya, maana nyingine zinakuwa sawa mara moja tu. Na hakikisha kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi kutenganisha mbao kipo na kimelingana na bledi. Wengi wanakitoa siku ya kwanza wanasema kinawasumbua.

Mzee wa Tezo

Milioni na laki mbili? Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, au kwa fundi wa vyuma anayeaminika, akuundie meza ya chuma, nunua mota ya induksheni. Ikiungua inarewaindiwa kona yoyote ya nchi hii. Mimi yangu nimeirithisha.

Mama Kabati

Mzee shikamoo, ila hizo meza za kuchomelea nyingi hazina kikinga hata kimoja. Bledi imesimama wazi katikati ya karakana, mkanda unazunguka wazi pembeni, watoto wanapita. Kama anaunda, aunde na kikinga cha bledi, kisu cha nyuma na boksi la kufunika mkanda. Avilipie mwanzoni, maana baadaye haviwekwi.

Mzee wa Tezo

Marahaba. Hapo sina ubishi.

Kitasa

Mrejesho. Leo nimeenda dukani na rula yangu. Muuzaji hakupenda. Nimepima kama Bawaba alivyosema: nyuma imebana kuliko mbele kwa milimita tatu. Nimefungua fensi, nimefunga tena, ikawa moja na nusu. Mara ya tatu ikawa mbili kwenda upande wa pili. Nikamuonyesha. Akaniambia, "Bosi, hiyo ukianza kuitumia itajiweka sawa yenyewe." Nikamuuliza kaboni za akiba, akasema hii haihitaji kaboni. Nimeifungua kofia ya pembeni, kaboni ile pale inanitazama.

Chuma Ulete

Itajiweka sawa yenyewe 😂😂😂 na mbao itajirudisha dukani yenyewe

Kitasa

Nimeamua kuunda. Fundi wa vyuma nimempata, kikinga na kisu cha nyuma vimo kwenye makubaliano. Mota nimeona ya hosi pawa tatu, fezi moja, imeandikwa mizunguko 1,440 kwa dakika. Bledi nataka ya inchi 12. Puli niweke za ukubwa gani?

Fundi Kaboni

1,440 moja kwa moja ni polepole kwa bledi hiyo. Weka puli ya inchi sita kwenye mota na ya inchi mbili na nusu kwenye shafti ya bledi. 1,440 mara sita gawa kwa mbili na nusu, unapata kama 3,450. Mzigo ukiingia itashuka kidogo, sawa tu. Kabla ya kununua bledi soma kasi ya juu iliyoandikwa juu yake, iwe zaidi ya hiyo. Na waya kutoka kwenye swichi kubwa mpaka kwenye mota usiwe chini ya milimita mbili na nusu. Ukwangue kwanza.